Hodi ya Nne

Ukitaja Kilwa, watu wa mbali huona bahari. Hawajui kwamba Kilwa ni wilaya nzima, na kwamba wengi wetu tumezaliwa kwenye mihogo, ufuta na mikorosho, samaki tunamwona kwenye baiskeli ya muuzaji akiwa amekwisha kauka. Mimi ni Mmatumbi wa Miteja. Baba yangu alikuwa mkulima, babu yangu alikuwa mkulima, na mpaka natimiza miaka kumi na tisa maji mengi kuliko yote niliyowahi kuingia yalinifika kiunoni, tena nimeshikilia mzizi.

Siku tuliyopangiwa kazi jeshini, ofisa mwenye orodha aliniuliza kwetu ni wapi. Nikasema Kilwa. Hakuuliza swali la pili. "Huyu wa baharini," akasema, akaandika. Nilifungua mdomo nimweleze, nikaufunga, kwa sababu nilimwogopa. Nimefunga mdomo mara nyingi maishani, lakini mara mbili ndizo zilizoniharibia, na hiyo ilikuwa ya kwanza.

Zilikuwa siku ambazo mambo yameanza kulegezwa nchini. Sabuni na sukari zilikuwa zimerudi madukani, mitumba inamwagwa chini sokoni, na vijana wenzangu wanazungumza biashara tu. Mimi nilikuwa kwenye boti kuukuu ya mizigo, tunashuka kusini na unga, maharage na masanduku ya risasi. Nchi jirani ilikuwa vitani na sisi tulikuwa upande wa serikali yake. Tulikuwa watu sita. Watano kati yetu walijua kuogelea.

Kwa kuwa nilikuwa "wa baharini", nilipewa kazi ya kupima kina. Tulikuwa tukiingia kwenye midomo ya mito, huku mikoko imesongamana kushoto na kulia, na mchanga wa chini unahama kila msimu. Mtu anasimama mbele kabisa ya chombo na kamba yenye chuma kizito, anaitupa, anaivuta, anapiga kelele: "Pima tatu! Pima mbili na nusu!" Pima moja ni urefu wa mikono yako miwili ikinyooshwa. Waliobaki wote hukaa nyuma ya magunia. Mpimaji yeye husimama wazi, anamtangazia kila mwenye bunduki mahali alipo. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Mimi niliyafika, niliyapima, na wingi wake niliutaja huku nimekodolea mikoko macho. Sioni haya tena kusema: niliogopa tangu siku ya kwanza, na sikuzoea. Wanaosema mtu huzoea labda vita vyao vilikuwa vya redioni.

Aliyenifanya nivumilie alikuwa kijana mmoja wa Mingoyo, pale njia panda ya kwenda Mtwara. Alikuwa Mmakonde, rika langu, mrefu, mwenye meno yaliyokaa vizuri. Ndiye aliyegundua kwamba siijui bahari, siku ile ya kwanza aliponiona nimeushika mlingoti kwa mikono miwili hali boti bado imefungwa gatini. "We Mmatumbi," alinong'ona, "hiyo boti haijaondoka." Hakumwambia mtu. Badala yake alinifundisha namna ya kusimama, namna ya kutapika upande upepo unakokwenda, na namna ya kuirusha kamba bila kujirusha mwenyewe.

Alikuwa na jambo moja lililotuchekesha sote. Alikuwa amelelewa kwa adabu iliyopita kiasi. Kila mlango alipiga hodi. Boti yetu ilikuwa na milango mitatu tu, nayo haifungiki, lakini yeye husimama nje na kusema hodi, mara tatu, kwa mapumziko kati yake, kama tulivyofundishwa sote madrasa: ukipiga tatu usiitikiwe, rudi ulikotoka, usigombe na mwenye nyumba. Sisi tulifundishwa tukasahau. Yeye hakusahau. Mpishi wetu, mtu wa mizaha, alikuwa akimsikia anakuja jikoni hunyamaza kimya, mwiko mkononi, mpaka hodi ya tatu ipite. Kijana wa watu anageuka anakwenda zake bila chai. Tunaangua kicheko. Mpishi anamkimbilia na kikombe, naye anasema, "Sikuitikiwa, mjomba. Ningeingiaje?"

Nilicheka kuliko wote.

Asubuhi moja, maji yakipwa, tulikwama kwenye tope ndani ya mdomo wa mto mmoja. Kina nilikitaja sawasawa, ila injini ilichelewa kurudisha chombo nyuma. Ikabidi tungoje maji yajae, kwa muda wa saa tano au sita, chombo kimeinama upande kama mbuzi mgonjwa. Waliopaswa kutupokea hawakuonekana ufukoni. Mkuu wetu alimtuma yule wa Mingoyo akawatafute, kwa sababu Kimakonde kinasikika pande zote mbili za mpaka. Akaenda na kamtumbwi kadogo. Ishara ya kurudi ilikuwa kugonga ubavu wa mtumbwi kwa kafi, mara mbili. Na amri ilikuwa hii: sauti yoyote ya mtu itakayotoka kwenye mikoko, asiijibu mtu. Tulikuwa tumesikia kwamba adui wanao watu wanaojua Kiswahili, wanaita vizuri, ukiitika wamekwisha jua ulipo.

Niliwekwa mbele, nyuma ya magunia ya unga. Wenzangu walikuwa nyuma karibu na injini, wamelala kifudifudi. Jua lilikuwa limepanda. Tope lilitoa harufu ya mayai mabovu, na kaa wadogo walikuwa wakitoka mashimoni na kurudi. Nakumbuka niliwaonea wivu wale kaa.

Tukasikia milio ya bunduki, mingi, mbali ndani ya mikoko. Kisha kimya. Kimya kile kilikaa muda mrefu hata nikasikia kaa wakikwaruza tope.

Halafu, si mbali, hatua kama arobaini kutoka pale nilipolala, sauti ikasema, "Hodi."

Niliitambua. Hili ndilo neno ambalo kwa miaka minane sikulisema kwa mtu yeyote, basi nalisema: niliitambua palepale, kama ninavyoitambua sauti ya mama yangu. Mtumbwi bila shaka ulikuwa umempotea, kwa hiyo hakuwa na kitu cha kugonga. Alikuwa amesimama nyuma ya majani, kati yake na sisi pana tope tupu lisilo na pa kujificha, naye alitaka mtu mmoja tu amwambie kwamba boti bado ni yetu na aje.

Nikawaza: wako nyuma yake. Wamemtanguliza. Nikiitika, kichwa changu kinapasuka hapa hapa juu ya unga. Nikauma gunia. Nilikuwa nimejikojolea na wala sikusikia ilipoanza.

"Hodi wenyewe."

Sitasema ilikuwa amri iliyonizuia. Amri ingekuwa kisingizio kizuri, na mkuu wetu alinipa kisingizio hicho baadaye bila hata mimi kukiomba. Kilichonizuia ni woga.

Hodi ya tatu ilikuwa ya chini, ya upole, kama anayeogopa kumwamsha mtoto. Kisha nikasikia miguu ikichomoka topeni, moja, nyingine, moja, nyingine, inaondoka. Labda alidhani boti imetekwa. Watu wenye akili wangedhani hivyo. Lakini mimi nilimwona mara ngapi akigeuka pale mlangoni kwa mpishi! Alipiga tatu, hakuitikiwa, akarudi alikotoka.

Baada ya muda ukasikika mlio mmoja wa bunduki, na haukufuatwa na mwingine. Maji yakajaa, boti ikanyanyuka, tukatoka. Mkuu aliniuliza, "Ulisikia sauti pale mbele?" Nikasema nilisikia sauti ya mtu, sikuitambua. Akaniwekea mkono begani. "Ulifanya vizuri." Mpishi hakunitazama. Nadhani naye alisikia kutoka kule nyuma, na alikuwa na yake ya kubeba.

Nilipoachiwa na jeshi nilirudi nikaoa nyumbani Miteja, nikamchukua mke wangu tukaenda kuishi Mitwero, pembezoni mwa mji wa Lindi. Sikutaka kukaa karibu na watu walionijua kabla. Nikajifunza ushonaji. Mitumba ilikuwa imejaa kila mahali, suruali za majitu yasiyojulikana, na watu walitaka zipunguzwe. Wote walisema nimepata kazi nzuri kwa wakati wake. Mimi niliichagua kwa sababu nyingine kabisa: fundi cherehani hukaa barazani, mteja anamwona kabla hajafika, anamwamkia moja kwa moja. Barazani hakuna hodi. Na cherehani ina kelele.

Nyumbani ilikuwa shida. Hodi moja ya jirani aliyekuja kuomba chumvi ilitosha kunikimbiza chumbani. Sikuweza kuitika. Si kwamba sikutaka. Sauti ilikuwa haiji, nanusa tope. Mke wangu ndiye aliyekuwa akiitika, "Karibu!" kutoka uani, kutoka jikoni, hata akiwa ananyonyesha mtoto. Alidhani nina kiburi cha jeshi. Majirani walidhani nina mabaya ninayoyaficha. Nilimwacha kila mtu adhani anavyopenda. Wanasema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Mimi nilikuwa mwoga, hai na mzima, nikakingoja kicheko changu miaka yote hiyo, na hakikuja.

Mingoyo si mbali na Mitwero. Mama wa yule kijana alikuwa anaishi pale, na mtoto wake alimzika hewani, kwa kisomo bila kaburi. Nilipokuwa nasafiri kwenda Mtwara, gari likisimama njia panda na akina mama wakinyanyua visahani vya korosho madirishani, nilikuwa nikiinama kufunga kamba za viatu. Mara nyingine nilikuwa nimevaa kandambili.

Kilichovunja yote ni baba mkwe. Alisafiri kutoka Miteja kuja kumwona mjukuu wake, na barabara yetu ya wakati ule kila mtu wa kusini anaijua: ukifika umepauka kwa vumbi na umesali sala zote. Akaja na jogoo na mchele wa shambani kwake. Mke wangu alikuwa amempeleka mtoto kliniki. Mimi nilikuwa ndani, naumwaumwa mafua.

"Hodi hapa!"

Nilimjua mkwe wangu kwa sauti, na kumjua ndiko kulikonimaliza. Sikumbuki nilivyofika, ila nilijikuta chini ya kitanda, mwanamume mwenye mke na mtoto, shavu sakafuni. Akapiga ya pili. Ya tatu. Viatu vyangu vilikuwa mlangoni, na katikati ya hodi zake nilikohoa. Alinisikia. Mzee wa heshima, aliyenipa binti yake, alisimama juani mlangoni kwangu akisikia ninakohoa na siitiki. Kisha nikasikia miguu yake inaondoka, na jogoo analalamika mkononi mwake. Nikalia hapo chini ya kitanda, na nikajiziba mdomo kwa mkono asije akanisikia.

Aliondoka na gari lililofuata. Jirani ndiye aliyempa mke wangu habari. Mke wangu aliingia ndani, akamlaza mtoto, akakaa kwenye kigoda mbele yangu. "Baba yangu amekukosea nini?"

Nikamwambia. Tope, gunia, hodi tatu, yote. Nilipomaliza aliuliza, "Mama yake unamjua?"

"Namjua kwa habari tu. Yuko Mingoyo."

"Umemwambia?"

"Hapana."

"Basi hata mimi hujaniambia," alisema. "Mficha maradhi kifo humuumbua, baba. Mimi nakwenda Miteja kumwangukia baba yangu miguu kwa kosa lisilo langu. Lakini kurudi, nirudi wapi? Nifike hapa na mtoto mgongoni, nipige hodi kwangu mwenyewe, nisiitikiwe? Siku utakayoweza kuitika, nitumie salamu."

Alisema kwa upole, na hilo ndilo lililonitisha. Mke wangu akifoka, jambo linaisha jioni. Aliondoka asubuhi yake, na nyumba ikawa mimi na hodi za majirani. Mwezi mzima nikawa nashinda kibarazani hata mvua ikinyesha. Nikaanza kuogopa kitu kipya: kwamba mwanangu atajifunza kusema hodi kwenye mlango wa babu yake, na mimi sitakuwa mtu wa kwanza kumwambia karibu.

Nilikwenda Mingoyo kwa baiskeli, nipate nafasi ya kughairi. Nilighairi mara mbili nikageuza tena. Nyumba nilioneshwa na wauza korosho. Mlango ulikuwa wazi, una pazia. Nikasimama mbele yake na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi ilivyo upande ule mwingine, upande wa anayeita. Nilisema hodi moja tu, sauti ikapasuka.

"Karibu, karibu ndani!" iliruka haraka mno, kabla sijamaliza neno. Nilijua maana yake. Huyu mama alikuwa ameitikia hodi kwa pupa kwa miaka minane, akidhani kila moja ni ya mwanawe.

Alikuwa ameketi chini anabangua korosho, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nani wewe?"

Nikamwambia nilikuwa boti moja na mwanawe. Akasogeza sinia, akanipa mkeka, akataka kuinuka aweke chai. Nikamwomba asiweke, kwa sababu niliona sitaweza kusema nikishakunywa chai yake. Nikasema yote haraka, nimetazama korosho. Yeye aliendelea kubangua. Korosho ikipasuka, punje huku, ganda kule.

"Uliitambua sauti?"

"Niliitambua, mama."

"Mbona hukumwitikia?"

"Niliogopa."

Akabangua tatu nne. Nilingoja anifukuze. Kwa kweli nilitaka anifukuze, anitemee, anirushie sinia, jambo liishe.

"Alipiga ngapi?" aliuliza.

Hapo nikashikwa na woga mkubwa kuliko wa kule mtoni. Ningeweza kusema moja. Ningeweza kusema alipiga nyingi, mpaka mwisho, akapigwa risasi angali anaita. Nilimtazama nikajua kwamba jibu hili litamwumiza zaidi ya yote niliyokwisha sema, na kwamba nikidanganya hapa nitarudi Mitwero jinsi nilivyokuja.

"Tatu," nikasema. "Kisha akaondoka."

Mikono yake ikasimama. "Nilimchapa kwa hilo," alisema. "Alikuwa mdogo, ana miaka saba. Alikwenda kwa mwalimu wake wa madrasa akapiga hodi kumi, ishirini, mpaka mwalimu akatoka amekasirika. Nikamchapa kwa mwiko mpaka mwiko ukavunjika. Nikamwambia tatu, ukipita tatu si mwanangu." Akavitazama vidole vyake. "Hakuwahi kupita tatu tena."

Nilikuja nikidhani kosa ni langu peke yangu, na sasa nilikuwa nimempelekea mama wa watu kipande chake. Nilijichukia pale kuliko siku yoyote.

Akainuka kwa tabu, akishika goti. Akavaa kandambili, akafungua pazia, akatoka nje. Nilidhani anakwenda kuita watu. Lakini alisimama palepale mlangoni kwake, juani. Chini ya pazia niliiona miguu yake.

"Hodi," akasema.

Nilielewa anachotaka, na mwili wangu ukakataa. Harufu ya tope ikaja, ndani ya nyumba yenye harufu ya korosho.

"Hodi wenyewe," akasema, na sikuwa nimemwambia kwamba mwanawe alisema hivyohivyo.

Nikafungua mdomo, hewa ikatoka tupu. Nilishika mkeka kwa mikono miwili kama nilivyoushika mlingoti ule.

"Hodi," mara ya tatu, taratibu.

Sikuweza. Kimya kikaingia, kimya kilekile, na nikafumba macho kungoja miguu iondoke. Niliisikiliza kwa mwili mzima. Haikuondoka. Nilipofumbua macho ilikuwa ingali chini ya pazia, myembamba, ina vumbi, visigino vimepasuka.

"Hodi!" alipiga kelele. Ya nne. Aliipiga kwa hasira, sauti ikasikika mpaka barabarani, kuku wakatawanyika.

"Karibu," nikasema. Haikuwa sauti yangu, ilikuwa ya mtu anayekabwa, lakini ilitoka. Nikasema tena, "Karibu mama, karibu ndani," na nikashindwa kunyamaza, nikawa narudia tu.

Aliingia analia, akavua kandambili mlangoni kama mgeni, akakaa mbele yangu.

"Ya nne sikumfundisha," alisema.

Tulibangua korosho mpaka adhuhuri, kisha nikarudi na baiskeli yangu. Kesho yake nilimpata dereva wa lori anayepita Miteja, nikampa salamu ampelekee mke wangu.